Wanaandikia mashine, mama wa Ruashi ndiye analipa mega

Leo sileti habari ya barabara wala ya mvua. Leo nataka kugombana, na wale nitakaogombana nao ni watu wa kazi yangu mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja 2025, kipindi cha asubuhi kilipokwisha, simu ya redio ililia. Alikuwa mama mmoja wa Ruashi. Alikimbia Goma na watoto watano wakati mji ule ulipoingia mikononi mwa M23, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na tangu alipofika hapa analala kwa shemeji yake. Asubuhi anauza mandazi kando ya njia. Aliniambia hivi: "Mwana, banaandika asema uwanja wa ndege wa Goma unafunguka, na bei ya tikiti iko pale. Miye nilisha kuuzisha mbabula. Ni kweli ao banatudanganya?"

Nilimwomba anitumie ile habari kwa WhatsApp. Kichwa chake kilisema: uwanja wa ndege wa Goma wafunguliwa, tarehe na bei ya tikiti. Niliisoma mpaka chini. Maneno "uwanja wa ndege wa Goma" yalirudiwa mara kumi na tisa, niliyahesabu. Kulikuwa na historia ya volkeno Nyiragongo, ile iliyolipuka mwezi wa kwanza 2002 na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Kulikuwa na urefu wa njia, na picha ya zamani. Bei haikuwepo. Tarehe haikuwepo. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya matangazo matatu ya biashara, ulisema kwamba tarehe bado haijulikani.

Ukweli ulikuwa mfupi. Tarehe 30 mwezi wa kumi, kule Paris, Raisi Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja ule utafunguliwa tena katika majuma yatakayofuata, kwa ndege za msaada wa kibinadamu. Upande wa AFC/M23, wenye kushika mji, ulikataa ukisema haukuulizwa. Basi. Ilikuwa ahadi, uwanja ulikuwa haujafunguliwa. Na ndege zenyewe ni za msaada, si za wasafiri. Ukweli huo unaenea katika mistari mitatu, na mtu anausoma kwa mega kidogo sana. Lakini mwenye tovuti hakuutaka mfupi. Aliutaka mrefu, na alikuwa na sababu yake.

Sababu hiyo ndiyo nataka kuieleza, juu ya watu wengi wanadhani waandishi wa namna hii ni wavivu tu. Hapana, hawana uvivu. Wanafanya kazi sana, kuliko hata sisi wa redio. Shida ni nani wanamfanyia kazi.

Wanaifanyia Google. Mtu akiandika kwenye simu "Goma leo" au "uwanja wa Goma", Google inampa orodha. Wa kwanza kwenye orodha anapata watu wengi, wa kumi anapata wachache, na aliye ukurasa wa pili ni sawa mwenye kuuza nyanya ndani ya nyumba yake na mlango umefungwa. Kwa hiyo kila mwenye tovuti anataka kuwa wa kwanza. Tamaa hiyo peke yake si dhambi. Hata mama wa mandazi anatafuta mahali pazuri kando ya njia.

Lakini mashine inachaguaje wa kwanza? Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipoanza kampuni yao mwaka 1998, walikuwa na wazo moja ambalo sisi huku tunalielewa vizuri. Ukitafuta nyumba ya kupanga Katuba au Kenya, mwenye nyumba anauliza: nani anakujua? Ukijulikana na watu wengi wenye heshima, unapewa ufunguo. Google nayo ilianza kuhesabu ni kurasa ngapi nyingine zinaonyesha kidole kwenye ukurasa wako, na ni kurasa za nani. Baadaye ikaongeza vipimo vingine vingi ambavyo haivitaji vyote. Hapo ndipo ugonjwa ulianza. Vipimo visipotajwa, kila mtu anabahatisha, na mwenye kubahatisha hapati usingizi.

Najua ninachosema. Kabla ya kuingia redio nilifanya kazi miezi sita kwenye tovuti moja ya habari hapa mjini. Jina lake naliacha. Tulikuwa vijana wanne ndani ya chumba kimoja, kompyuta mbili, na kubwa wetu ambaye sikumwona hata siku moja akisoma habari yetu mpaka mwisho.

Kubwa aliamka saa kumi za usiku, wakati umeme unaporudi. Kabla ya kunawa uso alifungua ukurasa unaoonyesha watu wangapi waliingia, kwa neno gani, na tovuti yetu iko nafasi ya ngapi. Saa kumi na moja kundi letu la WhatsApp lilianza kulia. "Wanatafuta dola, toa dola." "Wanatafuta kazi za migodi, toa kazi." Siku tulipoanguka kutoka nafasi ya tatu mpaka ya kumi na moja kwa neno moja, hakula. Alilaumu picha, alilaumu kichwa, alilaumu mimi, akalaumu hata mwenye kutuuzia intaneti. Kesho yake tukarudi nafasi ya nne bila kufanya kitu chochote, na akasema ni dawa aliyotia usiku. Hakuna aliyejua ni nini kilitokea, yeye wa kwanza.

Sheria zake zilikuwa nyingi. Habari isipungue maneno mia nane, juu ya alisikia kwamba mashine inapenda urefu. Kama unachokijua kinaisha kwa maneno mia moja, maneno mia saba unayatoa wapi? Unayatoa kwenye historia, kwenye kurudia, kwenye "kama tunavyojua sisi wote". Neno linalotafutwa liwe kwenye kichwa, kwenye mstari wa kwanza, na tena kila baada ya mistari michache. Jibu liwekwe chini kabisa, ili msomaji apite kwenye matangazo yote kwanza. Habari ya Radio Okapi ichukuliwe, maneno yapinduliwe kidogo, ionekane yetu. Viungo vinunuliwe: unamlipa mwenye tovuti nyingine aseme anakujua, hata kama tovuti yake ni ya kuuza nywele.

Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: ukurasa uonekane mpya. Tulikuwa na ukurasa mmoja wa bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 hapa Lubumbashi. Kila asubuhi tarehe ilibadilishwa. Bei yenyewe haikubadilishwa miezi mitatu. Wote mnajua namna unga wa hapa unavyocheza: malori yakichelewa Kasumbalesa, bei inapanda, mavuno ya Zambia yakiingia, inashuka. Soko Mzee Kabila ni mwendo wa miguu kutoka chumba chetu. Hakuna mmoja wetu aliyetumwa kwenda kuuliza, hata siku moja. Watu wa mbali walisoma bei yetu, wakatoka nyumbani na pesa kamili, wakafika sokoni wakapungukiwa. Lakini kwenye Google tulikuwa wa kwanza kwa bei ya unga Lubumbashi, na kubwa alitununulia kinywaji.

Sasa naungama. Siku moja niliambiwa nitafute habari ya zamani ya ugawaji wa msaada kwa wahami, niitie tarehe ya leo. Ilikuwa tangazo la kweli, ila la mwezi uliopita: mahali, saa, karatasi za kuleta. Neno "msaada" lilikuwa linatafutwa sana juma lile. Niliuliza, "Na kama watu watakwenda?" Nikajibiwa kwamba watu wanajua kusoma. Nikabadilisha tarehe. Ni kazi ya dakika moja.

Walikwenda. Niliwaona mwenyewe kesho yake nikiwa ndani ya basi: akina mama na watoto mgongoni, wamesimama mbele ya mlango uliofungwa, mvua inanyesha, kila mmoja na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Mlinzi alikuwa anapiga kelele kwamba hakuna kitu leo. Sikushuka kwenye basi. Nimesema mambo mengi kwenye mikro tangu siku ile, lakini lile la kushuka na kusema "ni mimi niliyeandika" sikulifanya. Mwisho wa mwezi niliacha kazi ile. Kuacha hakukuwarudishia wale mama nauli yao.

Ndiyo maana leo mtu akiniambia kwamba haya ni mambo ya ufundi wa kompyuta, nakataa. Tarehe ya uongo ni uongo. Kichwa kinachoahidi bei, na ndani hakuna bei, ni uongo. Haubadiliki kuwa ufundi juu ya umefanywa kwa kompyuta.

Na angalieni ni nani wanaumizwa zaidi. Mtu mwenye jamaa, kazi na nyumba hapa mjini, habari ya uongo inampita. Atamuuliza jirani. Mhami hana jirani wa kumuuliza. Kila kitu anachotaka kujua kiko mbali: kama barabara inapitika, kama shule ya watoto imefunguliwa, kama benki inafanya kazi, kama jina la kaka yake liko kwenye orodha fulani. Anatafuta usiku na mchana, na wenye tovuti wanaona kwenye mashine yao kwamba anatafuta. Hofu yake inakuwa neno lenye faida. Wanafunzi nao vilevile: kila mwaka kabla matokeo ya Exetat hayajatoka, kurasa zinajaa zikisema matokeo ya Haut-Katanga yako hapa. Mtoto anafungua tano, sita, saba, mega zinaisha, matokeo hayapo kwa sababu hayajatangazwa bado. Siku yanapotoka kweli, hana tena inite ya kutuma ujumbe wa simu kuyauliza.

Nasikia majibu ya wenzangu tayari. Niyachukue moja kwa moja, bila kukwepa.

Wa kwanza anasema: tunapaswa kula. Ni kweli kabisa. Wote tunajua hali ya mwandishi wa Kongo. Wengi hawana mshahara, wanaishi kwa kupaje, ile bahasha anayoitoa mwenye kualika waandishi, na bahasha ile nayo inanunua kalamu. Mwenye kutafuta pesa ya matangazo ya mtandao anaweza kusema: afadhali Google kuliko bahasha ya mwanasiasa. Ninamwelewa. Lakini hebu tuhesabu. Matangazo ya AdSense hayalipi mpaka hesabu ifike dola 100, na tovuti ndogo inaweza kungoja miezi kuifikia. Tulikuwa wanne, miezi sita, na pesa niliyopata haikufika kodi ya chumba changu. Kwa hiyo hata chakula chenyewe ambacho tunasema tunadanganya kwa ajili yake, hatukili.

Wa pili anasema: tusipofanya hivyo hatutaonekana, na habari nzuri isiyoonekana haimsaidii mtu. Hapa kuna ukweli nusu. Kuonekana ni halali. Andika kichwa kinachosema wazi mahali na jambo. Tia tarehe. Tumia maneno ambayo watu wanayatumia, hata ya Kiswahili chetu, maana mama wa Ruashi hatafuti kwa Kifaransa cha wizara. Hiyo ni sawa kuandika "maji" kwenye mlango wa duka lenye maji. Ninachokataa ni kuandika "maji" kwenye duka lisilo na maji, kisha kumlipisha mwenye kiu kwa kuingia.

Wa tatu anasema: ni mashine inataka hivyo. Huyu ndiye ananichekesha zaidi. Mwezi wa pili 2011 Google ilibadilisha hesabu zake ili kushusha tovuti zenye kunakili na kujaza maneno matupu. Mwezi wa ine 2012 ilishusha wanaonunua viungo. Mwaka 2022 ikatangaza mabadiliko mengine ili kupandisha habari iliyoandikwa kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya mashine ya kutafutia. Mwezi wa tatu 2024 ikataja kwa majina ujanja unaokatazwa: kutoa kurasa kwa wingi bila faida kwa msomaji, kununua jina la tovuti iliyokufa ili kuvaa heshima yake, kukodisha jina la tovuti inayoheshimiwa. Kila mara waliojenga juu ya ujanja waliamka wakakuta nyumba imeanguka. Kisha wakatafuta ujanja mpya. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawa wanaipita kila mwaka na kila mwaka wanashangaa kuifikia mwisho.

Na msidhani ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Mwaka 2016, kwenye mji mdogo unaoitwa Veles, inchi ya Macedonia, vijana walitengeneza tovuti zaidi ya mia moja za siasa ya Marekani. Wengi wao hawakujali nani atashinda uchaguzi kule. Waliona tu kwamba uongo fulani unaleta watu, na watu wanaleta pesa ya matangazo. Dunia nzima ilipiga kelele. Kwetu vijana wanafanya hivyohivyo na vita vyetu wenyewe, na hakuna anayepiga kelele, juu ya anayedanganywa ni mama wa mandazi.

Sisi wa redio tusijione watakatifu pia. Mara ngapi mtangazaji anafika saa kumi na mbili asubuhi bila habari, anafungua simu, anasoma kwenye mikro kile alichokikuta cha kwanza kwenye Google? Hapo uongo unatoka kwenye tovuti, unapita redioni, unafika sokoni na sauti ya mtu ambaye watu wanamwamini. Miaka ile ya Mai-Mai, wakati jamaa za Mitwaba, Pweto na Manono zilipokuwa zinakimbia, watu walishika redio masikioni kwa sababu mwenye kusema alikuwa na jina, na ukimkuta barabarani ungeweza kumuuliza. Heshima ile haikununuliwa kwa viungo. Tukiitumia kusoma maneno ya mtu asiyejulikana, tutaimaliza.

Basi ninadai nini? Mambo manne tu, na hakuna hata moja linaloomba pesa.

Kwanza, tarehe isiguswe. Habari ikiandikwa mwezi wa tatu, ibaki mwezi wa tatu. Ukiongeza jambo jipya, sema umeongeza nini na siku gani.

Pili, jibu liwe juu. Kama hakuna jibu, sema hakuna, mstari wa kwanza. "Uwanja wa Goma: bado hakuna tarehe" ni kichwa kizuri. Kingemwachia yule mama mbabula yake.

Tatu, jina la mwandishi na namba ya kumpigia. Sheria ya vyombo vya habari ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inahusu pia habari za mtandaoni. Usijifiche nyuma ya neno "uandikaji".

Ine, ukikosea, sahihisha palepale ulipokosea, kwa herufi kubwa sawa zile ulizokosea nazo. Kufuta kimyakimya hakusaidii aliyekwisha kusoma.

Na wafanyabiashara wa hapa mjini, mnaotoa matangazo kwa kuangalia tu ni nani wa kwanza kwenye Google: ulizeni pia ni nani alikwenda sokoni. Jina lenu linakaa pembeni ya uongo ule.

Kwenu jamaa mliokimbia vita, sina dawa kubwa. Kabla ya kuuza kitu, kabla ya kufunga mizigo, tafuteni mtu mmoja aliye kule, mpigieni. Angalieni kama habari inataja mahali, siku na mtu aliyesema. Ikiwa kichwa kinaahidi na mwili hautoi, msiitume kwa wengine. Na mkiwa na shaka, pigieni redio. Tukiwa hatujui tutawaambia hatujui. Neno hilo halipandi juu kwenye Google, lakini halijamfanya mtu auze chungu chake.

Wazee wa Kiswahili wana methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenzangu mwenye tovuti, angalia saa zako. Ni saa ngapi leo ulitembeza, na ni saa ngapi uliuliza watu habari?

Mama wa Ruashi alinunua mbabula nyingine juma lililofuata, kwa bei ya juu kuliko ile aliyouzia. Anauza mandazi palepale. Nikipita ananiuliza kila mara: "Mwana, Goma?" Ninamjibu ninachokijua siku hiyo, na mara nyingi ni kidogo. Ananipa ndazi moja, na bei yake nailipa.

Ni mimi mwandishi wenu wa Lubumbashi. Mbaki na amani.